Ua wa Lavenda Hautaki Kubembelezwa

Lavenda nyingi tunazoletewa na wenye bustani zikiwa zimekauka hazikufa kwa kiu. Ukiung'oa mche unakuta mizizi myeusi, laini, imeoza. Mwenyewe aliona matawi yamenyong'onyea, akadhani ni jua kali, akazidisha maji, na baada ya muda mfupi upande mzima wa ua, yaani uzio wa miche hiyo, ukageuka kijivu. Vimelea vya kuozesha mizizi hustawi kwenye udongo uliolowa muda mrefu, na mche ulioshambuliwa kiasi hicho hauponi. Ung'oe, uuchome, wala usipande lavenda nyingine palepale. Kabla ya kumwagilia mche ulionyauka, chimba kwa kidole: udongo ukiwa na unyevu, weka ndoo chini.

Asili ya mmea huu ni nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, kwenye miteremko ya mawe, udongo hafifu wenye chokaa na kiangazi kikavu. Ndiyo maana kwetu Kenya unapendeza zaidi Nairobi, Naivasha na Nanyuki, ilhali pwani hewa yenye unyevunyevu huusumbua mwaka mzima. Aliye Mombasa au Malindi ningemshauri ajaribu rosemari, inayovumilia zaidi.

Aina nayo ina uzito wake. Lavenda ya Kiingereza, Lavandula angustifolia, ndiyo yenye mafuta mazuri ya manukato, lakini imezoea majira ya baridi kali, na huku kwetu mara nyingi hutoa majani mengi na maua machache. Kwa ua wa nyumbani chagua Lavandula dentata, ile yenye majani ya meno meno. Harufu yake inakaribia kafuri, hivyo usiipande ukitarajia kuuza mafuta ya manukato, ila huchanua karibu mwaka mzima na nyuki huipenda mno. Hufika kama sentimita 90 kwenda juu. Ni ua wa kupamba njia na kugawa bustani. Wa kuzuia mbuzi ni michongoma.

Sasa udongo, na hapa usiwe na haraka. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakishanywea lijaze tena. Ukikuta maji yametuama saa kadhaa baadaye, usipande kwenye usawa wa ardhi. Wakazi wa Kitengela na Athi River, wenye ule udongo mweusi unaovimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, wainue tuta la sentimita 30 hadi 40 lililochanganywa changarawe na mchanga wa mtoni. Sehemu za majani chai kama Limuru shida yake ni nyingine: udongo una asidi kali. Pimisha udongo kwanza, KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo) Kabete wanapima, kisha uweke chokaa ya kilimo kwa kiasi utakachoambiwa. Samadi nyingi haifai kabisa. Inaleta matawi laini yanayolala chini mvua ikipiga, na maua hupungua.

Panda mahali penye jua la saa sita au zaidi kwa siku, mvua za masika zikielekea kuisha. Acha sentimita 50 kati ya mche na mche, hivyo ua wa mita 10 utahitaji miche 21. Mwagilia shinani mara moja kwa wiki miezi ya mwanzo. Mizizi ikishashika, maji ni ya ukame mrefu tu. Tandaza kokoto chini yake badala ya nyasi, kwani nyasi zilizogusana na shina hubaki na unyevu.

Kupogoa ni kila mwaka, bila kuruka. Maua yakinyauka na hali ya hewa ikiwa kavu, punguza theluthi moja ya matawi mabichi, ukiacha sehemu ya chini iwe pana kuliko juu ili jua lifike mpaka shinani. Usikate kwenye mti mkavu wa kahawia usio na jani, kwa sababu hapo kwa kawaida hapachipui tena. Ua ulioachwa miaka mitatu bila mkasi hufunguka katikati, na hakuna ukataji wa kuurudisha.

Usitupe matawi yote uliyokata. Chagua yasiyo na maua, urefu wa sentimita 8 hadi 10, ondoa majani ya chini, uyachomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji kidogo, kivulini. Kwa kawaida huota mizizi ndani ya wiki 4 hadi 6, na utakuwa na miche ya kuziba mapengo ua wa zamani utakapochoka.