Mac na Mc ni kitu kimoja, jamani

Kazi yangu ni kuwatafutia watu mababu zao katika vitabu vya kanisa vya Uskoti, na wiki hii nimeandikiwa tena kuhusu majina ya ukoo yanayoanza na Mac au Mc: "Hao si wa kwetu. Sisi ni Mac, wao ni Mc, yaani Waairishi." Safari hii mwandishi alikuwa ameshakata tawi zima la ukoo wake kwa sababu ya herufi moja. Naandika jibu hapa ili siku nyingine nitume kiungo tu.

Mac, Mc na M' ni neno lilelile la Kigaeli, lugha ya kale ya Uskoti na Ireland, lenye maana ya "mwana wa"; limefupishwa tu. Karani wa kanisa aliandika M, akapandisha c ndogo juu, akapiga kijistari chini yake, akaendelea na kazi. Kurasa chache mbele, kwenye ubatizo wa mtoto wa pili wa baba yuleyule, ameandika Mac kwa kirefu. Mtoto wa tatu, M'. Iwe Uskoti au Ireland, ufupisho huo haukuambii lolote kuhusu asili ya mtu.

Kinachoniudhi hasa ni dhana kwamba tahajia ilikuwa mali ya familia. Ilikuwa ya karani. Baba ametoka shambani, anasema Kigaeli, pengine hajui kusoma. Anataja jina, na karani anaandika alichosikia kwa Kiingereza chake. Sisi wenyewe tuna mtu mmoja aliye Fatuma kwenye cheti cha kuzaliwa, Fatma shuleni na Fatima kwenye kitambulisho, na hakuna anayedai ni watu watatu. Tukifika Uskoti ya 1760, ghafla tunataka kila mkulima awe na tahajia rasmi!

Na afadhali ingekuwa tahajia peke yake. Donald hugeuka Daniel, Patrick hugeuka Peter, Jean na Janet hupishana kwa mtu mmoja. MacFadyen utamkuta MacFadzean, na hiyo z wala si z: ni herufi ya kale ya Kiskoti ambayo wapiga chapa hawakuwa nayo, wakaziba pengo kwa z. Ndiyo maana jina Menzies, kwa wanaojua, hutamkwa Mingis. Katika vitabu vya kanisa vya karne ya 17 vya nyanda za juu za Uskoti, mwanamke anaweza kuandikwa Nc, yaani "binti wa". Mtafute kwenye M hadi kiyama, humpati.

Halafu kuna akina MacGregor, ukoo wa Uskoti. Mwaka 1603 jina lao liliharamishwa. Likaruhusiwa 1661, likapigwa marufuku tena 1693, na marufuku hiyo haikufutwa hadi 1774. Watu wakawa Campbell, Drummond, Murray, chochote cha kuwaficha. Rob Roy mwenyewe, mtu maarufu kuliko wote wa ukoo huo, alitumia Campbell. Sasa niambie, herufi a kati ya M na c itakusaidia nini hapo?

Mengine kwa haraka. Uskoti ilianza kuhesabu mwaka mpya kutoka 1 Januari tangu 1600, kwa hiyo usiilazimishie kanuni ya zamani ya Uingereza ya kuanza mwaka 25 Machi. Ingizo la "ndoa" kwenye kitabu cha kanisa mara nyingi ni tangazo la ndoa tu. La "maziko" laweza kuwa malipo ya kukodi kitambaa cha kufunika jeneza. Na kati ya 1783 na 1794 kila ingizo lilitozwa kodi ya peni 3 na wengine wakaikwepa kwa kutoandikisha, basi usishangae babu yako akikosekana.

Kazi yenyewe: tafuta kwenye faharasa ya mtandaoni, yaani orodha ya majina yaliyomo vitabuni, ukiweka kinyota (*) badala ya herufi zenye utata, kisha fungua picha ya ukurasa. Faharasa ni macho ya mtu mwingine. Soma ukurasa mzima kwanza, uzoee e ya karani huyo na herufi zake kubwa, ndipo urudi kwenye jina lako.

Hata hivyo, vitabu vya mwongozo havisemi hili: jicho huona linachotaka. Nikiwa namtafuta Ewen, ile herufi ya kwanza ni E kabisa. Angekuja mtu anayemtafuta Owen, huenda ningeapa ni O.

Na ile desturi ya kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la baba wa baba, ambayo wengi wameifanya sheria? Ndugu watatu wakiifuata, unapata akina John watatu, parokia moja, umri karibu sawa. Kinachowatenganisha ni majina ya mashamba na ya mashahidi wa ubatizo. Karani asipoyaandika, na daftari la maziko likiwa halipo, mimi huwaacha wote kwenye mti wa ukoo kwa penseli, yaani bila uhakika. Wateja hawapendi penseli. Huondoka na yule John aliyekuwa na ardhi kubwa zaidi.