"Childishly" si sifa

Rafiki yangu alimwandikia mwalimu wa chekechea barua ya kumwombea kazi. Alitaka kusema kwamba mwalimu huyo hucheza na watoto kwa moyo mweupe, akaandika: "She plays childishly." Niliposoma nilimsihi aifute sentensi ile kabla barua haijaondoka, maana kwa Kiingereza alikuwa amemshushia hadhi mtu aliyetaka kumsaidia.

Dhana iliyomponza ni kwamba "childishly" maana yake ni "kama mtoto", basi. Ukweli ni kwamba neno hili limebeba lawama. Husemwa juu ya mtu mzima aliyenuna kwa kukosa kiti cha mbele, au anayekataa kusalimia wenzake kwa sababu jana walimshinda kwenye bao. Ndiko kule tunakokemea kwa kusema, "Acha utoto!" Ukitaka kusifu moyo usio na hila, sema "childlike". Neno hilo halimuumizi mtu.

Wapo wanaoamini ubaya huo unatoka kwenye "-ish". Hapana, kiambishi hichohicho kimo katika "English" na "Spanish". Katika Kiingereza cha kale, "childish" lilikuwa tu "-a mtoto", na dharau ikaja baadaye.

Kosa jingine ni kudhani "kitoto" na "childishly" ni mapacha. Kitoto chetu ni kipana zaidi. Viatu vya kitoto ni viatu vya watoto, hakuna anayelaumiwa. Kitoto kichanga ni malaika wa nyumba. Lakini "mambo ya kitoto" aliyoyaacha Mtume Paulo katika Wakorintho wa Kwanza 13:11, hayo ndiyo "childish things" ya Biblia ya King James ya mwaka 1611. Kwa hiyo "he answered childishly" mimi huitafsiri "alijibu kwa utoto", ili lawama isipotee njiani.

Hata hivyo, si kila mara neno hili humlaumu mtu. "Childishly simple" ni jambo rahisi mno. Hapo kinachopimwa ni kazi yenyewe.

Na wale wanaoandika "he behaved childish" wasahihishe: tendo linataka kielezi, "he behaved childishly". "Childish" hukaa vizuri baada ya "be", kama katika "don't be childish". Ukitamka "childishly", anza na "chai", na mkazo uwe papo hapo mwanzoni, si kwenye "dish" kama ulimi wetu unavyotuvuta.