Likizo ya mpango ni nini?

Anayejenga Katuba au Ruashi, hapa Lubumbashi, anaijua hesabu ya kiangazi. Mwaka huu anafyatua na kuchoma matofali, kiangazi kijacho anainua kuta, cha tatu anaezeka mabati. Halafu msiba unaingia, pesa ya mabati inaishia kwenye kilio, na matofali yanabaki uani. Nyumba hajaiacha, ila kwa sasa anahesabu mwezi kwa mwezi.

Serikali nayo hufikwa na hayo, na wanauchumi huyaita likizo ya mpango: nchi iliyozoea mipango ya maendeleo ya miaka mitano mitano inamaliza mmoja bila kuanza mwingine, au inaukatisha njiani, kisha inajiendesha kwa mipango ya mwaka mmoja mmoja.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni India. Mpango wake wa kwanza ulianza 1951, wa tatu ukaisha 1966, na huo wa tatu uliandamwa na balaa: vita na China 1962, vita na Pakistan 1965, Marekani kusimamisha misaada, kisha ukame. Juni 1966 rupia ikashushwa thamani. Dola moja iliyokuwa rupia 4.76 ikawa 7.50. Ukiwa umeshaandika bei za mashine za kununua nje kwa miaka mitano, karatasi zote hizo hazina kazi tena. Mpango wa nne ukangoja hadi 1969.

Lakini neno likizo lisitudanganye. Mwaka huo huo wa 1966 India iliagiza tani 18,000 za mbegu bora za ngano kutoka Mexico, na mavuno ya 1968 yakavunja rekodi. Kwangu hapo ndipo penye uzito wa jambo lote: mpango mrefu ulisimama, shamba halikusimama, na Tume ya Mipango iliendelea kuandika hesabu kila mwaka.

Si kila likizo huletwa na ukosefu wa pesa. Mwaka 1978 serikali mpya ya chama cha Janata iliukatisha mpango wa tano mwaka mmoja kabla ya muda wake. Indira Gandhi aliporudi madarakani 1980, naye akauweka kando ule wa Janata na kuanza wake. Kati ya 1990 na 1992 yote mawili yalikutana, serikali kubadilika na dola kukauka.

Na kwetu Kongo? Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa na mpango wa miaka mitano, 1986 hadi 1990. Mwaka ulioufunga ndio mgodi wa Kamoto ulipoporomoka, na 1991 miji ikaporwa. Shaba ya Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, iliyopita tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka chini ya 50,000 mwaka 1994. Wapo wanaokiita kipindi hicho nacho likizo ya mpango. Mimi nakataa. Mwenye likizo ana siku ya kurudi, na nyuma yake kuna anayeshika daftari. Hapa Lubumbashi miaka ile hesabu ya miaka mitano haikushuka kuwa ya mwaka mmoja. Ilishuka hadi bukari, yaani ugali, ya jioni.