Hela za Wazungu na Hela za Mbuyuni

Kwa miaka minne nilikuwa mhazini wa kikundi kidogo hapa Moshi. Kazi yetu haikuwa kubwa: kufuatilia bajeti ya kata, kuuliza ushuru wa soko unakwenda wapi, na kuandika barua pale majibu yasipokuja. Kwenye semina kazi hiyo ya utetezi huitwa uchechemuzi, neno ambalo sijawahi kumsikia mtu akilitamka pale soko la Mbuyuni. Sokoni tuliitwa "watu wa NGO", basi.

Mama mmoja muuza ndizi mshare ndiye aliyenifungulia darasa. Nilimwamkia, nikamweleza tunachangishana nauli ya kwenda kufuatilia barua yetu. Akaniangalia kwa muda. "Mwanangu, nyie si mnalipwa na wazungu?" Halafu akafungua kanga, akatoa shilingi elfu moja. Alinituhumu na kunichangia kwa mkupuo mmoja, na tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya yale watu wanayoyaamini kuhusu fedha za vikundi kama chetu. Mengine yana punje ya ukweli, na hayo ndiyo magumu kuyajibu.

"Mambo ya utetezi yameletwa na wafadhili."

Anayesema hivi akiwa Moshi au Arusha amesahau historia ya nyumbani kwake. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ilianza kuwaondoa Wameru kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili ipewe walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, mwakilishi wao, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kule New York kueleza shauri hilo, akisaidiwa na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa na ofisi hapa hapa Moshi. Safari ya namna hiyo mwaka 1952 haikuwa ya bei ya kitoto. Wameru walichangishana. Azimio la kuwatetea lilikosa theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu, na ardhi haikurudi mwaka ule, lakini hakuna aliyeweza kusema Kirilo katumwa na mfadhili. Aliyemtuma anajulikana.

Hata sheria haioni utetezi kuwa kitu cha kuficha. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, katika tafsiri yake ya shirika ni nini, inataja ushawishi na utetezi wa masuala yenye maslahi kwa umma. Inachokataa ni kuwa tawi la chama cha siasa. Kuuliza habari za choo cha soko ni siasa, ndiyo, ila si lazima iwe siasa ya kadi.

"Ukipokea hela ya nje umevunja sheria."

Hapa watu wanachanganya mafaili mawili. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ndiyo inayodhibiti hela za uchaguzi za vyama na wagombea. Shirika lililosajiliwa linaruhusiwa kupokea, kwa sharti la kusema. Kanuni za 2018 zilitaka shirika linalopata zaidi ya shilingi milioni 20 lipeleke mkataba wake na mfadhili Hazina na kwa Msajili wa mashirika ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, kisha litangaze mapato na matumizi yake magazetini mara mbili kwa mwaka.

Sina ugomvi na shabaha ya kanuni hiyo. Ugomvi wangu ni na hesabu yake. Shirika kubwa lenye mhasibu, mwanasheria na gari halikusikia uzito wowote. Kikundi kilichopata milioni 22 kwa mwaka mzima kilipaswa kumlipa mkaguzi wa hesabu, kulipia nafasi gazetini mara mbili, na kutafuta mtu wa kujaza fomu. Hela ya kutangaza inatoka kwenye kazi unayoitangaza. Nimeona vikundi vikikataa ruzuku ya ziada ili tu visivuke mstari huo. Na nimeona kingine kikiigawa ruzuku vipande viwili, ambao huo sasa ni ujanja, na hauna jina zuri hata ukiupaka manukato.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Tangu Sheria ya Vyama vya Siasa irekebishwe mwaka 2019, mtu au taasisi inayotaka kukipa chama mafunzo ya elimu ya uraia inapaswa kumjulisha Msajili wa Vyama siku 30 kabla. Sisi tulitaka kuwaita viongozi wa matawi ya vyama vyote katika kata tuwaonyeshe jinsi ya kusoma bajeti ya halmashauri. Mwenzetu mmoja aliyewahi kufanya kazi mahakamani ndiye aliyetushtua. Tukaishia kuwaita wakazi.

"Hela ya wananchi haina masharti."

Laiti. Hela iliyotusumbua kuliko zote haikutoka Ulaya, ilitoka mitaa mitatu kutoka kwetu. Mfanyabiashara mmoja, mtu wa watu, msibani hakosi, alikuja na ahadi ya milioni moja na nusu pamoja na fulana za wanakikundi wote. Hakutaka risiti. Hakutaka jina lake liandikwe popote. "Nyie fanyeni kazi, siku moja mtanikumbuka." Kila mtu mezani alijua siku hiyo ni siku gani, maana habari za yeye kuutaka udiwani zilikuwa zimeshafika hadi vijiwe vya bodaboda.

Tulibishana hadi jioni. Waliotaka tupokee walikuwa na hoja: mfadhili wa nje anatuandikia viashiria kurasa nane na anataka ripoti kila robo mwaka, huyu ndugu yetu hataki hata karatasi, sasa nani ana masharti? Nilichowajibu, na bado nakiamini, ni kwamba sharti lililoandikwa unaweza kulibishia. Lisiloandikwa linakusubiri gizani. Kura zilikuwa tano kwa nne, tukakataa. Wawili wakajitoa, mmoja wao rafiki yangu wa utotoni, na sijui kama nilikuwa na haki ya kumwambia nilivyomwambia siku ile. Baada ya hapo tuliingiza kwenye katiba ya kikundi kwamba mchango wowote unaozidi laki moja unaandikwa kwa jina na kusomwa kwenye mkutano mkuu.

"Uwazi ni kubandika kila jina ukutani."

Sharti la laki moja lilizaa swali lake. Kijana mmoja kwenye kikundi, mwenye moto, alipendekeza tubandike majina ya wachangiaji wote, mpaka wa mia tano, kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Uwazi kamili, alisema.

Mama muuza ndizi ana meza sokoni. Meza ile iko chini ya wale wale tunaowauliza maswali kuhusu ushuru. Jina lake likibandikwa kwamba alitoa elfu moja ili sisi tukaulize, hakuna atakayemfukuza kesho yake. Atahamishwa tu meza, apelekwe kule nyuma kusikopita mteja, na hakuna barua itakayoandikwa. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imetuwekea mipaka: taarifa za mtu hazisambazwi tu kwa kuwa unazo daftarini, na zile zinazoonyesha msimamo wake wa kisiasa zinalindwa zaidi.

Sasa ona tatizo lilivyo. Pazia linalomfunika mama wa ndizi ndilo lile lile analolitaka mfanyabiashara wa milioni na nusu. Ukilifungua kabisa unamwumiza mnyonge, ukilifunga kabisa unamkaribisha tajiri. Sisi tulilikata kwa kiasi: mchango mdogo unatangazwa kama jumla ya mwezi, idadi ya waliotoa na kiasi, bila majina, mkubwa unasomwa kwa jina, daftari lenyewe linabaki kwa kamati, na mwanachama yeyote anaweza kuja kuangalia mstari wake. Mpango huu una tundu, najua. Mtu anaweza kuwagawia watu ishirini elfu hamsini hamsini wakalete kila mmoja kwa jina lake. Dawa ya hilo sikuipata, zaidi ya kuwajua watu wangu na kushangaa kwa sauti nikiona asiyekuwa na ada ya mtoto analeta noti mpya tano.

"NGO hazilipi kodi." Zinalipa. Msamaha wa kodi ya mapato hauji na cheti cha usajili. Unaombwa TRA, mamlaka ya mapato, na unapewa kwa makusudi maalumu kama kupunguza umaskini au kuendeleza elimu, jambo ambalo kikundi cha kutetea haki hakilithibitishi kirahisi. Hata ukiupata, PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi wako, iko pale pale.

"Mhazini akiwa mcha Mungu, risiti za nini?" Hii niliisikia zaidi kutoka kwa watu walionipenda. Nikawaomba wasiniamini. Tulifungua akaunti ya watia saini watatu, na hakuna hela inayotoka bila wawili. Kilichonishinda ni bodaboda. Mfadhili mmoja alitaka risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, kwa kila safari, na bodaboda wa Pasua akanicheka hadi akazima pikipiki. Tukatengeneza hati ya malipo yenye namba ya simu na sahihi yake, mfadhili akaikubali baada ya barua pepe sita.

"Mfadhili akiondoka, kikundi kimekufa." Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likawa limeacha kuiendesha. Mashirika makubwa yaliyotutupia makombo yakapunguza watu, na makombo yakakatika. Kilichokufa kwetu kwanza ni posho. Mkutano uliokuwa ukijaza watu arobaini ulileta kumi na mmoja, na kati yao wanne waliniuliza nauli mlangoni. Sikuwalaumu. Kutoka Kiboriloni mpaka mjini na kurudi ni hela ya mboga.

Mmoja wa wale kumi na mmoja alikuwa mama wa ndizi. Hakuuliza nauli. Alitaka daftari. Nikampa, akalifungua magotini, akavuta kidole mstari kwa mstari mpaka mwisho wa mwezi aliotoa, akarudi juu, akashuka tena. Elfu moja yake haikuwepo. Jasho lilinitoka. Tukaikuta ukurasa uliofuata, nimeiandika tarehe mbili ya mwezi mwingine.

"Rekebisha," akasema.

Nikaikata kwa mstari mmoja, nikaandika upya mahali pake, nikaweka sahihi pembeni. Akaniomba kalamu, akaweka na yake.