Sukari ya ng'ambo ya Ruvuma: ni mkataba upi huo uliofuta ushuru?

Malalamiko yanayofika kwenye dirisha letu la forodha hapa Mtwara siku hizi yanafanana: sukari ya nje ni rahisi, mikataba ya kimataifa ilishasainiwa, sasa mnatukamata kwa lipi? Swali ni la haki. Tatizo ni hiyo mikataba yenyewe inayotajwa.

Mkataba wa Kimataifa wa Sukari unaotumika sasa ni wa 1992. Shirika linalousimamia lipo London, na Tanzania ni mwanachama. Kazi yake ni takwimu, utafiti na kuwakutanisha wazalishaji na wanunuzi. Haupangi bei wala hauondoi ushuru. Wapo wanaokuja na nakala yake mkononi wakitaka iwatolee mzigo. Haitoi hata kilo moja.

Mikataba ya kupanga bei ilikuwapo kweli. Ule wa 1977 ulijaribu kuishikilia bei kati ya senti 11 na 21 za Marekani kwa ratili, kwa kuzipa nchi viwango vya kuuza nje na kuweka akiba, kama mkulima wa Tandahimba anavyozuia korosho ghalani akisubiri mnada uchangamke. Jumuiya ya Ulaya haikujiunga. Ikaendelea kumwaga sokoni sukari yake yenye ruzuku, na mwaka 1985 bei ikaanguka chini ya senti 3. Mkataba wa 1984 ulikuwa umeshaachana na vifungu vya bei, na havijarudi hadi leo. Ile Itifaki ya Sukari ya Lomé ya 1975, sehemu ya makubaliano ya Ulaya na nchi kama yetu, ambayo wazee wanaikumbuka, ilihusu sukari yetu kwenda Ulaya kwa bei ya uhakika, nayo ilikoma 2009.

Inabaki hoja ya "sisi na Msumbiji ni SADC", yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika. Ni kweli, ila Msumbiji haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Itifaki ya Biashara ya SADC imeitengea sukari kiambatisho chake, cha saba, chenye masharti yake, kwa kuwa soko la dunia la bidhaa hii limevurugwa na ruzuku. Kuwa na shemeji Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, si cheti cha uasili wa bidhaa, yaani hati ya kuonyesha ilikozalishwa.

Kinachotumika mpakani ni sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Sukari ya kutoka nje ya Jumuiya isiyo na nafuu yoyote ya ushuru hutozwa asilimia 100 ya thamani yake au dola 460 kwa tani, kwa kufuata kiwango kilicho kikubwa. Chukua mfuko wa kilo 50 wenye thamani ya dola 20 hadi hapa. Asilimia 100 ni dola 20. Kwa kipimo cha tani ni dola 23. Unalipa 23. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya dola 43, yaani dola 7.74, na tozo nyingine ndogo. Mfuko umeshavuka dola 50. Serikali huruhusiwa kushusha kiwango kwa sukari ya kuziba pengo, lakini nafuu hiyo ni ya mwenye kibali cha kuingiza sukari, kwa kiasi na muda uliotangazwa.

Na kibali ndicho kinachosahaulika zaidi. Kinatolewa chini ya Sheria ya Sukari ya 2001, inayosimamiwa na Bodi ya Sukari, na kinatangulia mzigo. Kulipa ushuru hakukupi kibali. Tafadhali msitufuate mpakani Mtambaswala na fedha taslimu baada ya gari kusimamishwa.

Anayekutwa na sukari ya magendo, hata kama hakuivusha yeye, ilimradi alijua au alipaswa kujua, adhabu ni kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini ya asilimia 50 ya thamani yake ya kiforodha, au vyote viwili. Sukari hutaifishwa, na chombo kilichoibeba kinaweza kutaifishwa pia. Bodaboda ni chombo. Anayekiri kosa kwa maandishi anaweza kuomba shauri limalizwe na Kamishna wa Forodha bila kwenda mahakamani. Ni ombi, si haki.

Anayeona mali yake imekamatwa kimakosa awasilishe dai la maandishi ndani ya mwezi mmoja, akiambatisha kibali, ankara na risiti za malipo. Simu kwa mtu unayemfahamu ofisini haihesabiwi kuwa dai, na mwezi ukipita bila dai, mali inahesabika imeshataifishwa.