Mnara wa Simu Mjini: Sheria Ndogo Ijaribiwe kwenye Ramani Kabla ya Kupitishwa

Mji mdogo ukipokea ombi la kujenga mnara wa simu bila kuwa na sheria ndogo ya minara, uamuzi hutolewa kwa ukubwa wa kelele za siku hiyo. Mwenye kiwanja anataka kodi, jirani yake anahofia mionzi, kampuni inasema wateja wamechoka na mtandao unaokatika, na kamati ya mipango miji haina kipimo cha kumwonyesha yeyote kati yao. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba sheria itungwe kabla ombi halijafika mezani, na kila kifungu chake kiwe cha kupimika kwa tepu, kwa ramani au kwa kifaa. Kifungu kinachosema "mnara usiharibu mandhari" au "uwe mbali na makazi" hakipimiki, na mwombaji yeyote mwenye wakili atakipangua.

Chora duara kwanza

Kifungu kinacholeta matatizo kuliko vyote ni kile cha umbali. Chukua mji wa kilomita 4 za mraba. Diwani anapendekeza mnara usijengwe ndani ya mita 500 kutoka shule, kituo cha afya au nyumba ya ibada, na ukumbi wote unapiga makofi. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 500 linafunika karibu kilomita 0.79 za mraba. Taasisi sita zilizotawanyika vizuri zinatosha kuufunga takriban mji mzima. Madiwani wanaondoka wakidhani wameweka kinga, kumbe wamepiga marufuku minara bila kusema hivyo. Sheria ya namna hiyo haidumu: ama itabatilishwa, ama itaanza kukiukwa kwa vibali vya upendeleo, kimoja baada ya kingine.

Jaribio lenyewe linachukua mchana mmoja. Chapisha ramani ya viwanja ya mji kwa kipimo cha 1:5,000, ambapo sentimita 1 ni mita 50. Weka alama kwenye kila taasisi inayotajwa na rasimu. Kwa bikari, chora duara la umbali uliopendekezwa kuzunguka kila alama. Mita 500 ni sentimita 10 kwenye karatasi hiyo. Paka rangi ndani ya maduara yote. Kisha paka rangi mabonde yanayojaa maji, hifadhi ya barabara, njia za umeme mkubwa na makaburi, maana huko nako hakujengeki. Sehemu iliyobaki nyeupe ndiyo ambayo mji unairuhusu kweli. Ikiwa haipo, au ni kona moja tu ya mtu mmoja, rasimu irudi mezani. Umbali ukishushwa hadi mita 100, kila duara linabaki na kilomita 0.03 za mraba tu, na ramani inafunguka.

Kuna sababu nyingine ya kutosukuma minara yote nje ya mji. Simu hupandisha na kushusha nguvu ya kurusha mawimbi kulingana na ubora wa mawasiliano yake na mnara. Ikiwa karibu, inanong'ona; ikiwa mbali au nyuma ya kuta nene, inapaza sauti. Simu ya 4G hufika kiasi cha wati 0.2, na ile ya 2G kwenye masafa ya megahezi 900 inaweza kufika wati 2 kwa vipindi vifupi vifupi. Simu hiyo iko sikioni, sentimita chache kutoka kichwani. Mzazi anayetaka mtoto wake apate mionzi michache ana sababu ya kuuangalia upya mnara ulioko mbali.

Umbali wa kuanguka ni jambo jingine

Umbali wa usalama wa jengo usichanganywe na hofu ya mionzi. Mnara ni chuma kirefu kinachobeba mzigo wa upepo, na swali lake ni jepesi: ukianguka, utamwangukia nani? Kipimo kinachofaa ni urefu wote wa mnara pamoja na asilimia 10, yaani mita 33 kwa mnara wa mita 30. Kipimwe kutoka kwenye msingi hadi mpaka wa kiwanja, si hadi ukuta wa nyumba ya jirani. Kiwanja kilicho kitupu leo kitajengwa kesho, na mwenye nacho hapaswi kupoteza haki yake kwa sababu alichelewa kupata saruji.

Aina ya mnara nayo ibainishwe. Mnara wa nguzo moja hukaa katika eneo dogo na unaweza kusanifiwa ukunjike sehemu fulani ya juu badala ya kung'oka mzima. Hapo halmashauri inaweza kukubali umbali mfupi zaidi, mradi mhandisi aliyesajiliwa athibitishe kwa hesabu na muhuri. Mnara wa vyuma vya kuunganishwa wenye miguu mitatu au minne unabeba antena nyingi zaidi. Ule wa kushikiliwa na nyaya ni wa bei nafuu kuusimamisha, lakini nanga zake, yaani vishikizo vya nyaya ardhini, hukaa mbali na msingi kwa asilimia 60 hadi 80 ya urefu. Mnara wa mita 60 unaweza kuhitaji nanga zilizo mita 45 kutoka katikati, katika pande tatu. Kwenye viwanja vya mjini hilo kwa kawaida haliwezekani, na nanga zikiwa kwenye shamba la mtu mwingine, trekta moja linatosha kuleta msiba. Hatari nyingine haionekani kabisa: kutu huila nanga chini ya udongo huku sehemu ya juu iking'aa. Kwa sababu hiyo kiwango cha kihandisi cha Marekani kuhusu minara, kijulikanacho kama TIA-222, kinapendekeza ukaguzi angalau kila baada ya miaka 3 kwa minara ya nyaya na kila baada ya miaka 5 kwa inayojisimamia. Sheria ndogo iweke muda huo na idai nakala ya taarifa ya ukaguzi.

Kushirikiana kunaanzia kwenye msingi

Karibu kila sheria ndogo husema kampuni zishirikiane minara. Kifungu hicho mara nyingi hubaki kwenye karatasi, na sababu yake iko chini ya ardhi. Kila kampuni inahitaji nafasi yake ya antena, kwa kawaida kama mita 3 kutoka kwa mwenzake. Mnara wa mita 30 unaweza kubeba kampuni moja kwenye mita 29, ya pili kwenye mita 26 na ya tatu kwenye mita 23. Lakini kila seti ya antena ni sawa na tanga linalosukumwa na upepo. Msingi uliomwagiwa zege kwa ajili ya kampuni moja hauwezi kuongezewa mbili kirahisi. Kwa hiyo andika hivi: mnara wowote unaozidi mita 20 usanifiwe, pamoja na msingi wake, kubeba angalau kampuni mbili zaidi ya mwombaji, na uzio uache nafasi ya makabati yao. Mwenye mnara afungwe pia na sharti la kuwapokea wengine kwa masharti ya kibiashara yanayofanana. Mwombaji mpya aonyeshe barua alizowaandikia wenye minara iliyopo, na majibu yao, kabla ya kuomba kusimamisha mwingine.

Ngazi ya vipaumbele husaidia sana: kwanza minara iliyopo, kisha paa za majengo marefu na matangi ya maji, kisha eneo la viwanda, mashamba, eneo la biashara, na mwisho kabisa makazi. Anayetaka kushuka ngazi aeleze kwa maandishi kwa nini zile za juu zimeshindikana.

Mionzi: ombeni namba

Wananchi wana haki ya kuuliza kuhusu mionzi na kujibiwa kwa heshima. Mwongozo wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, unaweka kikomo kwa watu wa kawaida cha wati 4.5 kwa mita ya mraba kwenye megahezi 900, wati 9 kwenye 1,800, na wati 10 kuanzia 2,000 kwenda juu. Antena inayoelekeza nguvu sawa na wati 1,000 upande mmoja inampa mtu aliye mita 50 mbele yake, katikati ya boriti (mwale mkuu wa mawimbi), kiasi cha wati 0.03 kwa mita ya mraba. Hiyo ni takriban mara 140 chini ya kikomo cha megahezi 900. Umbali ukizidishwa mara mbili, nguvu inabaki robo. Mwaka 2011 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa ushahidi finyu uliotokana zaidi na matumizi ya simu karibu na kichwa. Mtu akiwauliza kuhusu uainishaji huo, mwambieni ukweli wote, pamoja na sehemu hiyo ya mwisho.

Aliye chini kabisa ya mnara hapati boriti kuu. Antena iliyo mita 30 juu na kuinamishwa nyuzi 6 hugusa ardhi na boriti yake kama mita 285 mbele. Kwa hiyo kipimo kisichukuliwe mlangoni mwa uzio pekee. Sheria idai hesabu ya mionzi ya kampuni zote zilizo mnarani kwa pamoja, na upimaji halisi baada ya kuwashwa, katika maeneo yanayochaguliwa na halmashauri. Mahali pa kuwa wakali ni juu ya paa. Fundi wa maji au mwanikaji wa nguo akisimama mita moja au mbili mbele ya antena, anaweza kuvuka kikomo. Mlango wa paa uwe na kufuli, mpaka wa hatari uchorwe sakafuni, na kuwe na bango lenye namba ya simu inayopokelewa.

Kelele

Baada ya mnara kusimama, malalamiko ya kila siku huwa ni ya jenereta. Jenereta yenye kifuniko inaweza kutoa desibeli 70 kwa umbali wa mita 7. Mahali pa wazi sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili: 64 kwenye mita 14, 58 kwenye 28, 52 kwenye 56, na hata kwenye mita 112 bado ni 46. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ulipendekeza isizidi 45 nje ya chumba cha kulala usiku. Hakuna kiwanja cha mjini kitakachoimaliza kelele hiyo ya usiku kwa umbali tu. Dai betri za kubeba mzigo wa usiku, ukuta wa kuzuia sauti, bomba la moshi lililogeuzwa upande usio na nyumba, na majaribio ya jenereta yafanyike mchana. Tangi la dizeli likae ndani ya beseni la zege linaloweza kubeba asilimia 110 ya ujazo wake.

Ombi likifika

Ramani za mtandao wa simu anazoleta mwombaji, za "sasa" na za "baadaye", zinaweza kupakwa rangi zionyeshe chochote. Angalia kama zote mbili zimetumia kiwango kimoja cha mawimbi, na kama ni cha ndani ya nyumba au cha barabarani. Omba pia vipimo vilivyochukuliwa kwa gari mtaani, maana ramani ya kompyuta ni makadirio. Gharama za mtaalamu huru wa kuzihakiki zilipwe na mwombaji kupitia akaunti ya halmashauri, ili mtaalamu asijue bosi mwingine ila halmashauri.

Kwa mandhari, jaribio la puto linawashinda wachoraji wote. Puto lenye rangi kali, upana wa mita 1 hivi, linapandishwa kwa kamba hadi urefu wa mnara, asubuhi isiyo na upepo. Tarehe hutangazwa mapema, pamoja na siku ya akiba. Picha hupigwa kutoka barabarani, shuleni na sokoni kwa lenzi ya kawaida, kwa sababu lenzi pana huufanya mnara uonekane mdogo. Wananchi huliona wenyewe.

Kisha uamuzi uandikwe. Nchini Marekani sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 inataka kukataliwa kwa mnara kuwe kwa maandishi na kwa ushahidi wa kutosha, na hairuhusu mji kukataa kwa hoja ya mionzi iwapo viwango vya kitaifa vimezingatiwa. Mji wa Roswell, jimbo la Georgia, ulikataa mnara kwa barua isiyo na sababu. Sababu zilikuwa kwenye muhtasari wa kikao uliotoka siku 26 baadaye, wakati mwombaji alikuwa na siku 30 tu za kwenda mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema sababu si lazima ziwe ndani ya barua, lakini lazima zitoke karibu wakati uleule. Mji ukashindwa kwa kuchelewesha karatasi. Popote mlipo, barua na sababu zitoke siku moja, na kila sababu itaje namba ya kifungu.

Kibali kisitoke kabla ya dhamana ya kuuondoa mnara. Kiasi chake kitokane na makadirio ya mhandisi, kipitiwe kila baada ya miaka 5, na kiwe kwa jina la halmashauri, kwa sababu minara huuzwa kutoka kampuni hadi kampuni na aliyeijenga huenda hayupo tena. Mnara usiotumika kwa miezi 12 mfululizo uondolewe ndani ya siku 90: chuma chote, makabati, nyaya, uzio, na zege la msingi livunjwe hadi mita 1 chini ya ardhi, shimo lifukiwe udongo unaoweza kulimwa.