Betri ya Kompyuta Mpakato Huuawa na Joto na Kujaa, Si Kazi

Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea kompyuta mpakato yake ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, safi kana kwamba imetoka dukani juzi, akataka kujua kwa nini betri ya mashine aliyoitunza kwa miaka mitatu inaisha chaji ndani ya saa moja, ilhali ya mjukuu wake, ambayo hulazwa sakafuni na kuchajiwa popote penye soketi, bado inakaa saa nne. «Mimi sijawahi kuiacha ikaisha hata siku moja, mwanangu,» alisema. «Ipo kwenye umeme usiku na mchana.» Ilinibidi nimweleze kwa adabu kwamba hapo hapo alipokuwa akijisifia ndipo ugonjwa ulipoanzia.

Sikutaka anisadiki kwa maneno matupu, kwa hiyo nilimfungulia ripoti ambayo kila kompyuta yenye Windows 10 au 11 huiweka tayari bila mwenyewe kujua. Andika «cmd» kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua dirisha jeusi litakalotokea, kisha andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Mfumo utatengeneza faili liitwalo battery-report.html na kukuonyesha lilipohifadhiwa, nawe utalifungua kwa kivinjari chochote. Sehemu inayohusu betri iliyofungwa ina mistari miwili ya kulinganisha: «Design capacity», yaani uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani, na «Full charge capacity», yaani uwezo inaoweza kuubeba leo ikijaa kabisa. Vyote viwili huandikwa kwa miliwati-saa. Gawanya cha pili kwa cha kwanza, zidisha kwa mia, na hiyo ndiyo asilimia ya uhai uliobaki. Chini yake kuna «Cycle count», hesabu ya mizunguko ya chaji, ingawa baadhi ya mashine huacha nafasi hiyo wazi.

Betri ya mwalimu ilitoka kiwandani na miliwati-saa 45,000 na ilikuwa imebakiwa na 19,800, yaani asilimia 44, baada ya mizunguko 41 tu. Ya mjukuu ilianza na 41,000 ikabaki na 33,600, karibu asilimia 82, baada ya mizunguko 390. Mzunguko mmoja, kwa wasioufahamu, si kitendo cha kuchomeka chaja, bali ni jumla ya chaji iliyotumika inapofikia asilimia mia. Ukitumia nusu leo na nusu kesho, umehesabiwa mmoja. Kwa hiyo betri iliyofanya kazi mara tisa zaidi ndiyo iliyokuwa na afya karibu maradufu.

Sababu iko katika kemia ya lithiamu. Seli ya kawaida ikijaa hufikia volti takriban 4.2, na ikiisha hushuka kuelekea volti 3. Inapokaa kwenye volti ya juu, kimiminika kilichomo ndani huvunjika polepole pale kinapokutana na elektrodi (vipande vya ndani vinavyopokea na kutoa chaji), kikaacha utando unaozidi kunenepa na kumeza lithiamu ambayo ingebeba chaji yako, na joto huharakisha jambo hilo kama moto unavyoharakisha sufuria. Katika vipimo vinavyonukuliwa sana na mafundi wa betri, seli iliyohifadhiwa mwaka mzima ikiwa na chaji ya asilimia 40 katika nyuzijoto 25 hubaki na takriban asilimia 96 ya uwezo wake. Ikihifadhiwa imejaa katika nyuzijoto hizo hizo hubaki na 80. Na ikiwa imejaa katika nyuzijoto 40 hubaki na 65. Zingatia kwamba hapo hakuna aliyeitumia. Imekaa tu. Sasa chukua sebule ya Dar es Salaam mwezi wa Februari, wakati hewa yenyewe inapita nyuzijoto 30, ongeza joto la mashine inayofanya kazi, kisha uifunike kitambaa cha kufuma.

Yule mwalimu alikuwa akifuata wosia wa zamani ambao mafundi wengi bado wanaurudia, kwamba betri mpya ichajiwe kwa muda wa saa nane kabla ya kuguswa na kwamba kila mara iachwe iishe kabisa kwanza, au, kwa wale walioupindua, isiachwe ishuke hata kidogo. Wosia wa kuimaliza ulikuwa na maana kwa betri za nikeli na kadimiamu, zilizokuwa na tabia ya «kukumbuka» zilipozoea kuishia. Betri za lithiamu, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1991, hazina tabia hiyo, na kuzimaliza hadi sifuri kila mara huzichosha bure. Mahali zinapostarehe ni katikati: kati ya asilimia 20 na 80, kwa kipimo cha mkono.

Si lazima ukae ukichomeka na kuchomoa chaja mchana kutwa ili kuzibakiza hapo, kwa kuwa watengenezaji karibu wote wameweka mpangilio wa kusimamisha chaji kabla haijajaa, ila wameuficha mahali tofauti na kuupa majina tofauti. Kwenye mashine za Lenovo hupatikana ndani ya programu ya Lenovo Vantage: ThinkPad hukuruhusu kuchagua asilimia ya kuanzia na ya kuishia, na nyingine zina kitufe cha «Conservation mode» ambacho husimamisha chaji karibu na asilimia 60 au 80 kulingana na toleo. ASUS wameuweka katika programu yao ya MyASUS. Kwenye Dell nyingi unaweza kuuweka hata ndani ya BIOS, ile mipangilio ya chini inayofunguka kabla ya Windows, kwa kugongagonga F2 mara tu unapowasha, na humo unaweza kujiwekea asilimia zako mwenyewe. HP za kiofisi nazo zina mpangilio ndani ya BIOS, unaofunguliwa kwa F10, uitwao «Battery Health Manager». Chagua «Maximize my battery health» na chaji itakomea karibu na 80. Kwenye MacBook, mfumo ulianza kujisimamia wenyewe tangu macOS 10.15.5 ya mwaka 2020, na kazi yako ni kuhakikisha kwamba hukuuzima. Wanaotumia Linux wataangalia kama faili la charge_control_end_threshold lipo katika /sys/class/power_supply/BAT0, kisha waandike humo 80.

Mpangilio wa BIOS naupendelea kuliko wa programu. Programu hufutika siku fundi anapopiga Windows upya, na ndivyo inavyotokea kwa mashine nyingi zinazopita mikononi mwetu, lakini kilichowekwa kwenye BIOS hubaki.

Ukishaweka kikomo hicho, unaweza kuacha chaja imechomekwa mwezi mzima bila wasiwasi mkubwa. Watu huchanganya mambo mawili hapa. Mashine ikiwa kwenye umeme na betri imefikia kikomo chake, kwa kawaida kazi huendeshwa na umeme wa chaja na betri huachwa ipumzike. Kinachoiumiza ni kukesha ikiwa imejaa, na kuchomekwa peke yake hakuna kosa. Kuna gharama moja ndogo: betri isiyopanda wala kushuka huanza kukosea hesabu yake yenyewe, ikakuambia imebakiwa na asilimia 30 kisha mashine ikazima ghafla. Kila baada ya miezi michache, ondoa kikomo, ichaji hadi ijae, itumie mpaka ikaribie kuisha, kisha irudishe kwenye utaratibu wake. Ripoti niliyoitaja juu nayo huwa ya kuaminika zaidi baada ya zoezi hilo.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu hunijia kila wiki: umeme ukikatika, nitafanyaje na asilimia 80? Ni pingamizi la haki, na sitaki kulipuuza kwa ushauri ulioandikiwa miji isiyojua giza. Ikiwa mtaa wako hukosa umeme saa tano mfululizo na kipato chako kinategemea mashine hiyo, weka kikomo kwenye 90 au kiondoe kabisa katika msimu wa mgao, kisha ukirudishe mambo yakitulia. Betri ni mtumishi wako, usigeuke kuwa mlinzi wake. Hata hivyo piga hesabu kwanza. Asilimia 80 ya betri nzima ni chaji nyingi kuliko asilimia 100 ya betri iliyobakiwa na 44, na mwalimu alipoona hesabu hiyo kwenye karatasi alinyamaza kwa muda.

Upande wa joto, mambo mengi ni ya mezani tu. Mashine nyingi huvuta hewa kwa tumboni na kuitoa ubavuni au nyuma, kwa hiyo godoro, mto na mapaja yaliyofunikwa kanga huziba pua yake. Meza tupu inatosha, na kuinua upande wa nyuma kwa vitabu viwili vyembamba husaidia kuliko feni nyingi za kuwekea chini zinazouzwa kwa mbwembwe. Ndani ya mashine, vumbi hukaa kwenye mapezi membamba ya shaba au alumini yaliyo mbele ya feni, likafanya kama zulia. Ukiifungua mwenyewe, zima kabisa, chomoa chaja, tenganisha betri ikiwezekana, na ushike mapanga ya feni kwa kidole kabla ya kupuliza hewa ili yasizunguke kwa kasi yasiyoizoea. Wakaao karibu na bahari, kuanzia Lamu hadi Mtwara, wana adui wa ziada: vumbi lililochanganyika na unyevu wa chumvi hushika kama saruji na hula vichwa vya skrubu, hivyo mimi huwashauri wasafishe mara moja kwa mwaka bila kusubiri kelele za feni.

Kwenye mipangilio, fungua sehemu ya umeme na betri ya Windows na uchague hali ya kuokoa nishati, «Best power efficiency», kwa kazi za kuandika na kusoma. Kwa mashine zenye mipangilio ya zamani ya Control Panel kuna ujanja mwingine ambao umenisaidia sana: katika mipangilio ya juu ya umeme, chini ya usimamizi wa prosesa, ubongo wa mashine, shusha kiwango cha juu kabisa kutoka 100 hadi 99. Asilimia moja hiyo, kwenye prosesa nyingi za Intel, huzima ule mwendo wa ziada ambao prosesa hujipandishia kwa muda mfupi, na mara nyingi joto hushuka kwa kiasi unachoweza kukihisi kwa kiganja, huku mwandishi wa barua asione tofauti yoyote. Mhariri wa video ataiona, naye airudishe. Mwanga wa skrini upunguze. Hilo halihitaji maelezo.

Linalohitaji maelezo ni begi. Mashine nyingi za miaka ya karibuni, unapozifunga kifuniko cha skrini, hazilali usingizi wa zamani bali hubaki nusu macho, zikipokea barua pepe na masasisho kama simu, na wakati mwingine huamka kabisa zikiwa zimebanwa ndani ya begi lisilopitisha hewa. Ukiwahi kutoa mashine kwenye begi ukaikuta ya moto na betri imeisha, ndilo lililotokea. Andika powercfg /a kwenye lile dirisha jeusi. Ukiona «Standby (S0 Low Power Idle)» miongoni mwa hali zinazopatikana, mashine yako ni ya aina hiyo. Nenda Control Panel, kwenye chaguo za umeme, fungua «Choose what closing the lid does» na uchague «Hibernate», hali inayohifadhi kazi yako yote kwenye diski na kuizima mashine kabisa. Kuamka kutachukua sekunde kadhaa zaidi. Kama chaguo hilo halionekani, fungua dirisha jeusi kwa mamlaka ya msimamizi, uandike powercfg /hibernate on, kisha urudi.

Kuhusu chaja niseme kwa ufupi: angalia volti kwanza, kisha wati. Volti zisipolingana na zilizoandikwa chini ya mashine, usichomeke. Wati zikizidi, hakuna tatizo, mashine huchukua inachohitaji. Zikipungua, itachaji polepole au itakataa. Chaja nyepesi isiyo na uzito mkononi mara nyingi imepunguzwa vitu ambavyo vingekukinga umeme unaporudi kwa kishindo.

Betri ya mwalimu tuliibadilisha. Nilipofungua mfuniko wa chini, seli mbili kati ya tatu zilikuwa zimeanza kuvimba, na ndipo alipokumbuka kwamba padi ya kugusa ilikuwa imekuwa ngumu kubofya tangu Ramadhani. Dalili hiyo isisubiriwe: padi iliyoinuka, mfuniko usiofunga vizuri au mashine inayoyumba mezani maana yake ni gesi ndani ya betri, na hapo unazima, unachomoa chaja, na huibonyezi, huitoboi wala huichaji tena. Ile ya zamani niliiweka kwenye ndoo ya mchanga nje ya karakana hadi nilipoipeleka kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Mpya niliiwekea kikomo cha 80 kwenye BIOS, nikamrudishia mashine, na kitambaa cha kufuma akakitia mfukoni.